Nguo ya Picha ya Chumbani

Mume wangu ameomba picha. Si picha ya pasi, wala ile ya Sikukuu ambayo tunasimama na watoto mbele ya pazia. "Yako wewe," alisema kwenye simu kutoka Maskati, akanyamaza kidogo, kisha akamalizia, "ya chumbani." Ana miaka 3 huko. Kazi yake ni ya ghala, na likizo yake kila ikikaribia husogezwa mbele. Mie niko Chake Chake na watoto wawili, cherehani yangu, na kabati la milango miwili ambalo nimelifungua na kulifunga kwa wiki mbili sasa. Maana kukubali nilikubali usiku ule ule. Nina miaka 11 ndani ya ndoa, haya za nini? Kilichonikwamisha ni swali ambalo mtu angedhani ndilo jepesi kuliko yote: nivae nini?

Wenzetu wa Ulaya na Marekani jambo hili wamelifanya biashara, na wana jina lake, boudoir. Ni neno la Kifaransa, chumba kidogo cha bibi mwenye nyumba, na asili yake ni kitenzi cha kununa. Chumba cha kununia! Nilipolisoma hilo nilicheka peke yangu, maana nyumba yetu ina vyumba viwili, na nikitaka kununa sharti nitoke nikakae barazani. Ukiuliza mtandaoni uvae nini, majibu hayapishani sana: lesi nyeusi, hariri, shati la mume lisilofungwa vifungo, soksi ndefu za kupanda mpaka mapajani. Soksi! Pemba hii, mwezi wa pili, kaskazi inavuma na mtu anaoga mara tatu kwa siku.

Lakini nisije nikajifanya kwamba mambo ya chumbani sisi tumeyajulia kwenye simu. Kabla sijaolewa somo wangu alinifungia ndani siku saba. Nikasingwa singo yenye karafuu, liwa na maua ya mlangilangi, nikafukizwa udi mpaka nywele zikanuka udi mwezi mzima. Nikafunzwa kanga ya kulalia na kanga ya kuamkia, ushanga wa kiunoni unaosikika na usiosikika, na kikuba cha asumini na mrehani, kinabanwa wapi na kinawekwa chini ya mto siku gani. Ukiyaangalia mafunzo yale kwa utulivu utaona jicho halikupewa kazi kubwa. Kazi kubwa ilipewa pua, sikio na kiganja, na taa yenyewe ilipunguzwa utambi. Yaani nguo zetu za chumbani zilishonewa kiza. Sasa naambiwa nizivae mbele ya kamera, ambayo haina pua wala masikio.

Nilikwenda kumuuliza somo mwenyewe. Nilimkuta kakaa ukumbini anachambua mchele. Nikamshikamoo, nikamwambia kwa kuzungukazunguka, akanielewa kabla sijamaliza.

"Picha? Kwani kashakusahau?"

"Hajanisahau, Somo. Yuko mbali tu."

"Basi mpelekee kanga. Ivae siku tatu, usiifue, ikunje umpelekee. Picha ataitazama mara mbili aizowee. Kanga hiyo haizoweki."

Nikamwambia anataka uso. Akapeta mchele wake kidogo, akapuliza makapi. "Wanaume wa siku hizi wanataka kuona kila kitu. Haya, piga. Lakini usivae kitu usichokijua mwanangu, utaonekana umeazima."

Neno hilo la kuazima ndilo lililonirudisha kabatini. La kwanza mkononi lilikuwa gauni la kulalia alilolituma yeye mwenyewe mwaka wa kwanza, lesi ya zambarau, mikanda miwili ya mabegani myembamba kama uzi wa darizi. Mie ni fundi, nguo nikiishika najua imekatwa kwa mwili gani, na hilo limekatwa kwa mwili wa sanamu ya dukani. Kifuani linaning'inia, nyongani linabana. Ningeweza kulifumua na kulishona upya, ndiyo riziki yangu hiyo. Nikaliweka magotini, sikulifumua. Nilimfikiria dukani kwenye taa kali, kasimama mbele ya muuzaji, anapima kwa viganja vyake hewani, "kiasi hivi, na hapa kiasi hivi." Vipimo vyake havikuwa vya uongo. Vilikuwa vya mwanamke wa kabla ya mtoto wa pili. Nimelirudisha kwenye mfuko wake wa nailoni na nitalitunza, ila kwenye picha hapana. Anataka kuniona mimi, nami nikivaa lile nitakuwa namuonyesha jinsi anavyonikumbuka.

Dira sikulifikiria kwa muda mrefu. Ndilo vazi langu la kushindia, napika nalo, nashona nalo, na kwenye picha linageuka hema. Shoga yangu, aliyekuwa kalala kitandani kwangu anacheka kila ninachokitoa, akasema, "Si uvae buibui tu uyamalize." Alikuwa anatania. Lakini kusema kweli buibui ndilo nililovaa siku ya mwisho aliyoniona, uwanjani, na mtandio mweusi, watoto wamenishika huku na huku. Tangu hapo kwenye simu ananiona uso tu, tena uso wa usiku uliochoka, umemulikwa na simu yenyewe kwa chini. Mtu anayekaa na sura hiyo miaka mitatu, ombi lake si la ajabu.

Zikabaki kanga. Ninazo doti 14, na hapa ndipo mtu wa pwani anapoingia matatani, kwa sababu kanga hainunuliwi kwa rangi peke yake. Ina pindo, ina mji, na ina jina, na jina ndilo linalokufanya uitoe pesa au uirudishe kwenye shubaka. Maandishi hayo zamani yalikuwa ya herufi za Kiarabu, baadaye yakaja haya ya Kirumi, na mfanyabiashara wa Mombasa, Kaderdina Hajee Essak, ambaye kanga zake zilijulikana kwa alama ya "Mali ya Abdulla", hutajwa sana kila habari ya majina ya kanga inapozungumzwa. Basi nikazitandaza zote kitandani nikazisoma. "Naogopa simba na meno yake, siogopi mtu kwa maneno yake": hiyo niliinunua kwa ajili ya jirani, mume wangu hana kosa. "Sisi sote abiria dereva ni Mungu": chumbani? Shoga yangu alicheka mpaka akakaa kitako. "Japo sipati tamaa sikati": hii ilinichoma, kwa sababu inasema kweli. Lakini mtu aliye peke yake ughaibuni ukimpelekea neno hilo atalisoma kuwa lawama, na mie simlaumu.

Kuna jambo la kanga sikuwahi kulitia maanani mpaka nilipojaribu kujipiga. Ukijifunga kanga, jina linakwenda nyuma, chini ya kiuno. Anayekutazama usoni halioni. Analisoma ukishampa mgongo, unaondoka, na hapo hana tena wa kumjibu. Ndiyo maana kanga imegombanisha mitaa. Sasa mbele ya kamera uamue moja: aone uso au asome jina. Nilijaribu kuligeuza lije mbele kifuani, nikaonekana kama gunia la mchele lenye chapa. Nikajaribu kupinda shingo nitazame nyuma kwa begani. Kwenye kioo cha simu maneno yakatokea yamegeuka kinyumenyume, kama kanga inasema na mtu aliye ndani ya ukuta.

Ndipo nikaanza kutafuta wanawake wa zamani walisimama vipi na kanga zao mbele ya kamera, na kutafuta huko kukanifikisha kwenye kadi za posta. Mwisho wa karne ya 19 na mwanzo wa karne ya 20 studio za Unguja, ya A. C. Gomes na ya ndugu wa Coutinho, zilipiga picha nyingi za wanawake, na nyingine zikachapwa kadi, zikabandikwa stempu, zikapelekwa Ulaya. Wanawake wamefunga kanga chini ya makwapa, mabega wazi, majasi masikioni, mmoja kaegemea kiti, mwingine kashika kiuno. Wazuri, na wamejipamba kwelikweli. Chini ya picha pameandikwa "mwanamke wa Kiswahili", basi. Aliyeandika alijua anauza nini; jina la mwenye mwili halikuwamo kwenye bidhaa. Na kanga ile kwao haikuwa nguo ya mchezo. Utumwa ulipigwa marufuku Unguja na Pemba mwaka 1897, na wanawake waliokuwa wakivaa kaniki na merikani waliikimbilia kanga kwa sababu ilikuwa nguo ya mtu anayejinunulia mwenyewe. Mwanamke anavaa nguo yake ya heshima, anaipeleka studio, na picha inakwenda kukaa kwenye droo ya bwana mmoja asiyejua hata kuitamka Unguja.

Wa pili ni Salme binti Said. Huyu jina lake tunalo. Alizaliwa Unguja mwaka 1844, akaondoka 1866, akaolewa na Mjerumani na kuitwa Emily Ruete, na kumbukumbu zake zikachapishwa Ujerumani mwaka 1886. Iko picha yake maarufu, kavaa kibinti mfalme wa Unguja, suruali, kanzu ya nakshi na vito. Wengi wakiiona hudhani ilipigwa kasrini. Ilipigwa Hamburg. Yaani alikuwa keshaondoka, mitaani akivaa magauni ya kule, halafu siku moja akazitoa nguo za kwao, akazivaa mbele ya mpiga picha wa nchi ya baridi. Nimeitazama picha hiyo zaidi ya ninavyopaswa. Kadi za posta zilinitia hasira. Hii ilinitia hamu ya kumpigia pasi.

Yote haya nayasema lakini sijasema kilichokuwa kikinizuia hasa. Miaka michache nyuma kulikuwa na binti mmoja, mtaa simtaji. Alimtumia mumewe picha kwa simu. Simu ikaharibika kioo, ikapelekwa kwa fundi, na kutoka hapo picha ikatoka. Kwa wiki moja ilikuwa imepita kila kundi la WhatsApp la kisiwa hiki, watu wanatumiana huku wakiandika astaghfirullah. Hakuwa uchi. Alikuwa kavaa gauni la kulalia, mikono wazi, nywele wazi, anacheka. Iko sheria ya makosa ya mtandao ya mwaka 2015, na kuna waliomshauri mumewe aende polisi. Lakini mitaani hakuna aliyeuliza nani kaiba. Swali lilikuwa moja, na niliulizwa mie kama fundi, kibandani kwangu, na wateja watatu mbalimbali: "Hivi lile gauni lilikuwa la namna gani?" Urefu wake, mkato wake, rangi yake. Shauri zima liliamuliwa kwa kitambaa. Binti yuko Unguja sasa, hajarudi hata kwa msiba.

Kwa hiyo usinione mpumbavu nikikaa wiki mbili mbele ya kabati. Mume wangu chumba chao kina vitanda vinne.

Aliyeniondoa njia panda ni mpiga picha, msichana wa Wete anayepiga harusi za upande wa wanawake, zile ambazo simu zinakusanywa mlangoni kwenye beseni. Nilimwambia sitaki kitu chochote kikae kwenye simu wala kompyuta. Akasema, "Dada, basi kamera kubwa iache." Akatoa kwenye mkoba mashine ndogo ya Fujifilm, ile Instax inayotema picha papo hapo. Kasha moja la filamu lina picha 10. Hakuna pa kuhifadhi, hakuna pa kunakili. "Ukiichana imekwisha," alisema, na mie nikajiona nimepumua kwa mara ya kwanza.

Lakini picha yenyewe ndogo! Haifiki milimita 65 kwa upande mrefu, na taa yake inawaka kila ukibonyeza, utake usitake. Basi nikafanya kifundi. Nikakata vipande vya vitambaa, kanga nyeupe, lesi ya zambarau niliyochopoa ndani ya pindo, kanga ya manjano, na pembe ya kisutu changu cha harusi, nikavipanga juu ya shuka, tukapoteza picha ya kwanza kwa kuvipiga. Tukakaa tunaisubiri itoke rangi, taratibu, kama hina. Nyeupe iliungua ikawa karatasi tupu. Zambarau ikawa doa jeusi. Manjano ikachujuka. Kisutu kikasimama, wekundu wake na weusi wake, hata vitone vyake unaviona. Majina ya kanga hayakusomeka hata moja, yamekuwa kama mstari wa sisimizi. Wiki nzima ya kuchagua maneno ikaisha hapo, na kisutu changu, kama visutu vingi, jina hakina.

Kulikuwa na hesabu nyingine pia. Msichana ni mwanamke mwenzangu, lakini kwetu sisi Mashafii kati ya mwanamke na mwanamke bado upo mpaka, kitovu hadi goti. Gauni la lesi linaishia pajani. Kisutu kilichofungwa kifuani kinafika katikati ya muundi. Ukitaka kucheka cheka: nguo yangu ya mahaba nusu yake imechaguliwa na taa ya Kijapani na nusu na fiqhi. Ila nilipojifunga nikajua nimefika. Kisutu kile siku ya harusi kilikuwa kigumu kwa dondo, kinasimama chenyewe kama kadibodi. Sasa kina miaka 11. Kimefuliwa, kimebeba watoto, kimelala na homa zangu mbili. Kinaanguka kama maji. Sikuazima kitu.

Nywele niliziachia. Nikajifukiza udi na kikuba nikakibana upande wa kushoto, nikijua vizuri kwamba harufu haitoki. Msichana akauliza, "Dada, udi wa nini, na kamera haisikii?" Nikamwambia nasikia mie. Ukitiwa udi unakaa vingine, mabega yanashuka. Picha ya nne ndiyo nzuri kuliko zote, na ndani yake sikutazama kamera, nilikuwa nasikiliza mtoto asije akaamka.

Kati ya picha 10 tatu zinakwenda Maskati. Mbili nimezitia kashani kwangu, ni zangu. Zilizobaki nimezichana, na nikahakikisha.

Halafu nikamsikiliza Somo. Ile kanga ya "Japo sipati tamaa sikati" nimeilalia siku tatu, sikuifua, kisha nikaiweka mezani nikaikata. Nimeshona kifuko cha mifukoni, kina kifuniko, kinatosha picha tatu na hakioneshi ndani. Jina lote halikuenea. Nilipolipima, kwa upana ule yanaingia maneno mawili tu, nikachukua ya mwisho.

Wifi yangu anasafiri Jumatano, boti ya asubuhi mpaka Unguja, kisha ndege. Nimempa karafuu na halua ya Wete, ingawa Maskati ndiko kwenye halua. Aliuliza hiki kidogo kilichoshonwa pande zote kina nini, mbona kinanukia. Nikamwambia kanga ya kaka yako. Kakitia kwenye mkoba wake wa mkononi, hakuuliza tena.